UZI: Taja gemu moja unaipenda mpaka leo na moja hutaki kuiona tena. Sababu ni lazima

BaoLaPili
Wasee, habari za Jumapili. Mvua imekataa kuisha hapa Umoja, mechi ya mtaani imefutwa, nimeketi na shemeji tumebishana mpaka chai ikapoa. Yeye anasema God of War ndio baba yao, mimi nasema PES 6 ya mpira na hakuna rufaa. Halafu tukafika kwa zile tunachukia na hapo ndio vita ilianza vizuri, juu mimi nachukia GTA San Andreas. Ndio, nimesema. Kila kitu ndani ni tamu lakini ile misheni ya kufukuza treni na pikipiki, Big Smoke, beshte yako ndani ya gemu, amekaa nyuma anapiga risasi hewani kama mtu wa harusi, hiyo kitu ilifanya nirushe padi ya wenyewe kwa ukuta 2007 na nikalipa soo tatu, shilingi 300, ambazo sikuwa nazo. Gemu ya kukulipisha padi hiyo si gemu, ni deni.

Sheria: moja ya kupenda, moja ya kuchukia, na useme kwa nini. "Iko tu poa" si sababu.

Mhenga_wa_PS2
Buda hukuchukia gemu, ulichukia soo tatu. Hiyo treni ni rahisi sana. Watu huganda kando ya behewa halafu wanalaumu Big Smoke, sasa atalenga aje mtu amesimama juu ya kichwa chake? Kaa mbali kidogo upande wa kulia, mpe nafasi, atawamaliza wote.

Ninayopenda: San Andreas hiyo hiyo. Ilitoka 2004, hadithi yake ni ya 1992, na mpaka leo gemu ngapi zinakuacha unenepe ukikula ovyo halafu unalazimika kuenda jimu? Ninayochukia iko ndani ya hiyo hiyo, ile ndege ndogo ya kuchezea ya Zero, yule jamaa wa duka. Inaishiwa mafuta ukiwa katikati ya kazi. Na usipoipita huoni mwisho wa gemu.

tokeni_imeisha
@Mhenga_wa_PS2 hapo mwisho umedanganya watu. Misheni za Zero si lazima, unaweza kuruka zote na umalize hadithi. Za lazima ni shule ya gari kule mji wa San Fierro na ile ya kurusha ndege jangwani. Najua juu mimi pia niliteseka na Zero wiki mbili nzima nikidhani nimefungiwa njia, kumbe ni duka lake tu nilikuwa napigania.

Mhenga_wa_PS2
Wueh. Miaka yote hii. Asante lakini ungeniacha tu na ujinga wangu.

kijana_wa_zimma
Nyinyi mnaongea jangwa na San Fierro, wengine wetu hatujawahi kutoka Grove Street, mtaa wa kuanzia. Sio mchezo. Sehemu ya PS ya mtaani kwetu ilikuwa ya nusu saa nusu saa, na hakukuwa na memori kadi ya kuhifadhi ulipofika, kwa hivyo kila siku ukiwasha CJ, yule unamcheza, ametupwa tena na wale polisi, anapata baiskeli, anaenda nyumbani, anakutana na wenzake, anapelekwa kwa kinyozi, anaenda kula pizza, muda umeisha simama. Kesho yake hivyo hivyo. Nimeona hiyo baiskeli labda mara 200. Nilipomaliza fomu foo ndio nikajua gemu iko na miji mitatu, na nililia kidogo, siwafichi.

Kwa hivyo San Andreas ndio naipenda na ndio naichukia. Nimevunja sheria ya uzi?

BaoLaPili
Umevunja lakini nimekuachilia juu ya hiyo baiskeli 😂

dada_wa_padi_mbovu
Naona wanaume wamejaza hapa. Mimi Tekken 3 ya kupigana, bila aibu. Tulikuwa na PS1 ya binamu, padi mbili, na mimi kama msichana wa mwisho kwa hiyo nyumba kila siku napewa ile ya pili yenye kitufe cha duara hakishiki. Nikajifunza mpiganaji King bila duara. Jaribu kucheza King bila duara uone. Halafu binamu anachukua Eddy Gordo anafinya kila kitu kwa kidole kama mtu anakuna ugali na ananichapa. Kwa hivyo namchukia Eddy, si gemu. Huyo mtu hajui hata anachofanya, mguu unakuja kutoka kila mahali.

Konda_Msomi
Eddy ni kapoera, ngoma na vita ya Brazil. Heshimu utamaduni wa watu.

dada_wa_padi_mbovu
Utamaduni naheshimu. Kufinya ovyo siheshimu. Na kwa taarifa yenu kuna dada wa hapa Kenya, Sylvia Gathoni, Queen Arrow mwenyewe, alisajiliwa na timu ya nje 2018 kucheza Tekken 7. Kwa hivyo mkisema hizi gemu ni za wanaume mjue mnaongea na nani.

Konda_Msomi
Hakuna mtu amesema hivyo dadangu, punguza moto. Wacha niseme zangu. Ninayopenda ni Contra ya kaseti, ile mnaazima mtaa mzima, imeandikwa gemu 9999 ndani, ukiwasha ni kama saba zikijirudia rudia na rangi tofauti. Ukijua ile kodi, yaani vitufe vya siri, ya kupata maisha 30 wewe ni mfalme: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Sisi tulidhani ilitungwa na kijana wa Jericho. Ninayochukia ni Duck Hunt juu ya yule mbwa. Umekosa bata, umefedheheka mbele ya watu, na mbwa anatoka kwa nyasi anakucheka. Mbwa wako mwenyewe!

Mshamba_Digitali
Hiyo kodi aliitunga mjapani wa Konami, Kazuhisa Hashimoto. Ilianza kwa Gradius 1986 ya nyumbani. Alikuwa anaijaribu gemu ikamshinda yeye mwenyewe, akajiwekea njia ya mkato na ikabaki ndani. Alifariki 2020. Jericho hawahusiki.

Na nikiwa bado hapo kwa Duck Hunt, nilipoteza pesa juu yake mwaka jana. Nimeona ile mashine ya zamani na bunduki yake inauzwa tauni, nikasema watoi wangu waone nilikotoka. Nimefika nyumbani nimechomeka kwa TV bapa, bunduki haipigi hata ndege mmoja. Nimerudi kwa muuzaji nikiwa nimefura, kumbe hana makosa. Ile bunduki haitoi kitu, inapokea. Ukifinya, skrini inakuwa nyeusi, halafu mahali bata alikuwa panawaka nyeupe, na bunduki inaangalia kama imeona huo mwanga wakati ule ule. Ilitengenezewa TV zile za mgongo. Hizi bapa zinachelewa kidogo tu na huo kidogo unatosha. Sasa niko na bunduki ya plastiki na mbwa ananicheka bure.

tokeni_imeisha
Hii ndio posti bora ya uzi mpaka sasa. Pole mkubwa.

mama_wawili
Hamjambo. Mimi si mtu wa gemu ila naipenda ya nyoka kwa Nokia. Nilikuwa na 3310, nilikuwa nacheza kwa mat kutoka Githurai mpaka tauni na jam ikiwa mbaya ndio vizuri. Chaji ilikaa siku nne. Ninayochukia sitaitaja jina maana ni ya simu na kijana wangu wa miaka tisa alinunua almasi humo ndani na pesa ya karo, 4,600, akitumia namba ya siri ambayo alikuwa ananiona nikifinya. Nilijua nikienda kulipa umeme. Hajui mpaka leo kwamba nililia kwa choo.

Konda_Msomi
Pole sana mama. Hizo ni kamari zimevaa nguo za watoto.

Mshamba_Digitali
Si utani, Ubelgiji walisema hivyo hivyo 2018, kwamba masanduku ya kununua bila kujua kilicho ndani ni kamari, na EA, wenye gemu ya mpira ya FIFA, wakaacha kuuza pointi zake huko mwanzo wa 2019. Huku sisi mzazi ndio mlinzi wa mwisho. Mama badilisha namba ya siri na ukifinya funika na mkono kama mtu wa benki.

mama_wawili
Nishabadilisha. Sasa anaangalia vidole vya babake.

BaoLaPili
😂😂 Haya turudi kwa mpira. Nimengoja mtu aguse PES na hamgusi. PES 6, Adriano wa Inter, mguu wa kushoto, nguvu ya shuti 99. Unapiga kutoka katikati ya uwanja, kipa anaruka kwa heshima tu.

kijana_wa_zimma
Kwetu Adriano alipigwa marufuku na ilikuwa imeandikwa kwa kadibodi ukutani: HAKUNA ADRIANO, HAKUNA KUKOPA, HAKUNA KUKULA NDANI.

LiverMpakaLini
Nyinyi mnasahau huyo PES alitutesa sisi watu wa Liverpool. Timu inaitwa Merseyside Red, jezi haieleweki. Na yule Roberto Larcos wa zamani, ati ndio Roberto Carlos, mnamkumbuka? Mimi hapo ndio nilihamia FIFA na sijawahi rudi. Jina la timu yangu ni heshima. Nachukia PES, napenda FIFA 12, ile walibadilisha kukaba ukawa unangoja badala ya kufinya tu mtu akimbilie mpira peke yake.

Mhenga_wa_PS2
FIFA 12 hukukaba, ulikuwa unarudi nyuma kama konda ameona polisi.

LiverMpakaLini
Na bado nilikuwa nashinda. Lakini swali la kweli, mbona Nairobi nzima ilikuwa PES PES PES, halafu siku moja ukaamka kila mahali ni FIFA? Hakuna mtu amewahi kunielezea vizuri. Walikuwa na timu bandia, majina bandia, mtangazaji anasema vitu nusu, na bado tulipanga foleni.

BaoLaPili
Ni uzito wa mpira bana. Kwa PES mpira ulikuwa kitu tofauti na mguu. Kwa FIFA za wakati ule mpira ulikuwa umefungwa kamba kwa kiatu. FIFA wakirekebisha hiyo ndio wakashinda, na PES nao wakaanza kulala.

Konda_Msomi
Mimi nasema ni lugha. FIFA ilikuwa na menyu nyingi za kusoma.

tokeni_imeisha
Lugha tena? Buda tulicheza Winning Eleven, PES yenyewe ya kijapani! Menyu ya kijapani, mtangazaji wa kijapani, tulikuwa tunakariri tu: chini mara mbili, X, kulia, X, umefika kwa timu. Mimi mpaka leo nakumbuka jina la Brazil kwa umbo. Kama ni lugha hatungegusa ile kitu.

Konda_Msomi
Sawa, nimeondoa hoja.

Fundi_wa_Kayole
Nimesoma uzi wote na wacha sasa mwenye sehemu aongee. Mimi nilikuwa na sehemu ya PS Kayole kutoka 2005 mpaka 2013, TV nne, PS2 nne zilizochipiwa zisome CD za kunakili. Nyinyi mnasema uzito wa mpira, sijui heshima ya jina. Mimi nilikuwa naangalia saa.

Mechi ya PES nilikuwa naweka dakika tano kila kipindi na ni ashu, shilingi kumi. Aliyefungwa anatoka, mwingine anaingia. Hiyo TV haipumziki. Sasa mtu akitaka gemu ya hadithi, ya upanga, ya kutafuta ufunguo kwa pango, anakaa masaa mawili, wengine wanamwangalia mgongo na wanaondoka. Zile gemu mlikosa utotoni hamkukosa juu ni mbaya ama ni ngumu, mlikosa juu hazikuwa zinanilipia nyumba. Ndio maana mtaa mzima mnajua Adriano na Eddy na hamjui ile yote ya majoka. San Andreas nilikuwa nayo kwa TV ya nne tu, nusu saa mbao, shilingi ishirini, na hiyo ni juu watoto walikuwa wanalia.

Na FIFA kuingia haina siri. PS2 ilikuwa inakufa. FIFA 14 na PES 2014 ndio za mwisho kwa hiyo mashine. Walionunua PS3 walinunua na FIFA ndani, basi. Aliye na mashine ndiye anachagua gemu, anayelipa ashu anachagua timu.

LiverMpakaLini
Sasa hapo umeeleza kwa nini gemu fupi zilishinda ndefu. Hujaeleza kwa nini PES ilishinda FIFA, juu zote ni mechi na zote ni dakika tano.

Fundi_wa_Kayole
FIFA nilikuwa nayo. Haikuwa inaitishwa. Nilifanya kazi ya duka, si ya daktari wa roho.

dada_wa_padi_mbovu
@Fundi_wa_Kayole na padi mbovu ulikuwa unampa nani? Kuwa mkweli.

Fundi_wa_Kayole
Anayeshinda sana 😅 Ili apoteze atoke. Si ubaya, ni biashara. Sitiki ya kushoto ikianza kujiendea yenyewe hiyo padi nilikuwa naihifadhi kabisa kwa ajili ya bingwa.

BaoLaPili
NILIJUA. Nilijua mimi. Miaka yote nilidhani naanza kuzeeka.

Sekunde_Moja_Tu
Nimechelewa kuingia. Napenda Dark Souls na naona hakuna hata mmoja ameitaja. Ya kuchukia ni Temple Run, unakimbia unakimbia na mwisho wake ni kufa tu, hakuna unapoenda.

Mhenga_wa_PS2
Unapenda Dark Souls na unalaumu nyingine kwa kufa 😂😂😂 Hiyo yako haisimami hata ukiitwa! Niliinunua kwa laptopu, mathe akaniita nimletee unga, nikasema ngoja nisimamishe, hakuna kusimamisha, nikarudi nimepata nimeuawa na mifupa. Nikaifuta usiku huo.

Sekunde_Moja_Tu
Haisimami lakini inajihifadhi yenyewe kila wakati. Huku kwetu Ruai stima hupotea vile inataka, na hiyo ndio gemu pekee ambayo stima ikirudi naipata karibu pale pale nilipokuwa. Zile zenu za kuhifadhi kwa kitanda ndani ya nyumba, ukipoteza stima umepoteza Jumamosi. Kwangu hiyo ndio sababu, si ati napenda kuteseka.

kijana_wa_zimma
Sijawahi fikiria hivyo. Kwani gemu nzuri inategemea nguzo ya stima iko karibu na nani?

tokeni_imeisha
Jina langu linasema nini 😂 Lakini sikubali kabisa. Sisi tulikuwa na stima poa na bado tulipenda PES. Mimi naona mtu hupenda ile alikuwa anashinda, period. Hapa kila mtu anachukia ile ilimwaibisha: treni, mbwa, Eddy. Angalieni.

LiverMpakaLini
Mimi FIFA nilikuwa nafungwa na bado naipenda.

tokeni_imeisha
Ulisema juu hapo ati ulikuwa unashinda.

LiverMpakaLini
Nilikuwa nashinda nikiwa nyumbani.

Mshamba_Digitali
Kuna moja nyote mmeisahau na ni ya hapa kwetu, Ma3Racer, ile ya kuendesha matatu kwa simu. Iliundwa hapa Nairobi, na unakwepa watu wanavuka barabara. Halafu Nairobi X ya 2015, mji umevamiwa na viumbe kutoka angani na wewe ni mwanajeshi. Grafiki si za kulingana na za Marekani lakini kuona mji wako ndani ya gemu ni kitu tofauti. Naipenda hiyo matatu kuliko Need for Speed, na nimemaliza Most Wanted yake mara tatu, ile BMW unanyang'anywa mwanzoni nimeirudisha mara tatu.

Konda_Msomi
Mimi niliicheza Ma3Racer nikiwa kazini, mat imesimama steji inangoja watu. Dere akaniuliza mbona huku unaendesha vizuri na hapa hata kurudi nyuma unaogopa.

mama_wawili
Hiyo ya matatu inapatikana bado? Kijana apewe hiyo, haina almasi.

Mshamba_Digitali
Ilikuwa ya simu za zamani mama. Lakini kama bado uko na ile 3310, mwache tu na nyoka.

kijana_wa_zimma
Nirudi kidogo kwa San Andreas, kuna mtu ako na ile kodi ya bunduki? Nimepata ya PS2 ya jirani na safari hii natoka Grove Street hata kama ni kwa miguu. Nakumbuka R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, halafu unarudia hizo nne.

BaoLaPili
Hiyo ni ya afya na pesa, utapata dola 250,000 na hakuna bunduki. Ya bunduki ni hiyo hiyo lakini mahali pa X weka R2. Kidole kimoja tu.

kijana_wa_zimma
Asante mkubwa. Kumbe miaka yote nilikuwa na pesa na sikuwa na silaha.

BaoLaPili
@Fundi_wa_Kayole swali la mwisho na unijibu kama mtu mzima. Mlikuwa mnasema hakuna memori kadi. PS nne, miaka nane, kweli hukuwa na hata moja?

Fundi_wa_Kayole
Ilikuwepo moja. Ile nyeusi ya 8 MB. Nilikuwa naiweka kwa droo ya chenji, naichomeka usiku nikifunga mlango.

kijana_wa_zimma
AKI WEWE. Nilikuwa naona baiskeli kila siku na wewe uko na kadi kwa droo!!

dada_wa_padi_mbovu
@kijana_wa_zimma si wewe ni wa Zimmerman? Ya kwenu ilikuwa ya mtu mwingine.

kijana_wa_zimma
Haijalishi, wote ni wamoja.

Mhenga_wa_PS2
Kwa hivyo uliimaliza peke yako usiku, sisi tukinyimwa. Ulifika mwisho?

Fundi_wa_Kayole
Sikufika. Nilikwama kwa treni. Ati kumbe ni kukaa upande wa kulia?